Miaka miwili nililaumu dagaa, kumbe wa watu hawana kosa (uzi wa wenye mabaka ya kuwasha yasiyoisha)

MamaDagaa wa Mwaloni

Mwangaluka wakuu. Huu uzi nimeuahirisha sana maana najua nitaandika refu na kuna watu watasema hatusomi gazeti, sawa ruka, lakini kama wewe au mtu wa nyumbani kwako anaumuka mabaka mwili mzima kila siku kama kapakwa upupu halafu yakikaa masaa kadhaa yanapotea yenyewe, kaa hapa usome mpaka mwisho.

Mimi nauza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nanunua nafungasha magunia napakia lori. Mwaka 2022 mwezi wa sita nikashtuka usiku najikuna mapaja nikajua kunguni. Kuwasha taa nakuta ngozi imeinuka mabakamabaka kama ramani, na kwa weusi wangu huu usitegemee kuona wekundu, unaona tu ngozi imeumuka na ukigusa ya moto. Asubuhi hakuna kitu. Jioni yamehamia mgongoni. Siku ya tatu naamka mdomo wa juu umevimba kama nimepigwa ngumi, majirani wakaanza kumwangalia mume wangu kwa jicho baya, masikini baba wa watu hata sauti hajawahi kunipandishia.

Basi kila mtu akawa daktari. Mama mkwe akasema dagaa. Jirani akasema mayai. Muuza duka la dawa akasema mafuta ya kula, dada yangu akasema nyanya, na kuna mtu kanisani akasema karanga kwa uhakika kabisa kama vile ameoteshwa. Nikaacha vyote. Dagaa, sato, sangara, mayai, karanga, maziwa, nyanya, nikawa nakula ugali na mlenda tu, nikapungua kilo tisa, nguo zinanivaa mimi. Mabaka yapo.

Nikaona basi labda ni harufu tu ya dagaa. Nikamwachia mdogo wangu meza nikaenda Ngudu kwa wazazi nikakaa miezi mitatu, kule hata samaki wa kuchorwa sijamuona. Mabaka yakanifuata Ngudu! Hapo ndipo nilitakiwa nishtuke, mtu nimekaa siku tisini sijaonja wala kunusa dagaa na bado najikuna, lakini akili ya kutafuta mchawi haishtuki, nikasema basi itakuwa vumbi la pamba.

Kosa kubwa kuliko lote ngoja niliseme. Kuna zahanati moja ya mtaani walinichoma sindano, ndani ya muda mfupi ngozi safi kama ya mtoto. Nikasema nimepona. Siku ya nne yamerudi na hasira. Nikachomwa tena. Baadaye nikawa nanunua mwenyewe vidonge vya prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, bila cheti bila nini, miezi mitano. Uso ukawa duara, watu wananiambia umenawiri biashara imejibu, kumbe ni dawa. Kupima sukari imepanda. Nikiacha vile vidonge yanarudi mara mbili. Nikawa mtumwa wa kidonge cha shilingi mia.

Nitaendelea, ngoja nihudumie mteja.

JiweLaBismarck

Nimeweka kambi hapa. Mke wangu ana hilo tatizo mwaka wa pili sasa.

Kisoda

Mayu nenda Gamboshi wakutoe hilo jini, hapo hospitali unapoteza nauli tu 😂

MamaDagaa wa Mwaloni

Kisoda, huko nilishashauriwa kabla hujazaliwa wewe.

Naendelea. Mwaka jana mwanzoni nikapelekwa kwa daktari wa ngozi. Nimefika na mfuko wa dawa umejaa, nikakaa nikavua kitenge begani nimuoneshe, HAKUNA BAKA HATA MOJA. Yaani haya mabaka yana tabia ya mdeni, ukimtafuta humuoni. Nikaona aibu, nikadhani ataniona muongo. Akaniambia hiyo yenyewe ni dalili, akauliza baka moja linakaa muda gani. Sijui. Linauma au linawasha? Linawasha. Likiondoka linaacha alama kama jeraha lililovia damu? Haliachi. Akaniuliza na dawa zote ninazomeza za maumivu, hapo nitarudi.

Akanipa kazi ya nyumbani. Baka likitokea chukua peni, lizungushie duara, andika saa pembeni, piga picha kwa simu, kesho yake muda huohuo angalia. Nikarudi wiki ijayo na picha kumi na moja. Hakuna baka lililomaliza siku kwenye duara lake, mengi yalikata ndani ya masaa sita mpya yakawa yameota kwingine. Akasema sawa, hii ni urtikaria sugu. Sugu kwa sababu imepita wiki sita, kabla ya wiki sita inaitwa ya muda mfupi na hiyo ndiyo mara nyingi unaweza kuikamata imesababishwa na nini, chakula, dawa, mdudu, maambukizi. Ikishapita wiki sita na inakuja karibu kila siku, chakula kuwa ndiyo chanzo ni nadra mno. Aleji ya kweli ya chakula inakuja ndani ya dakika au saa moja mbili baada ya kula, na inakuja kila ukila kile kitu. Haikai inakusubiri siku tatu.

Wakapima damu kamili, kipimo cha uvimbe wa ndani, choo, na tezi ya shingo. Vyote safi. Nililia pale mapokezi. Sio kwa furaha, nililia kwa sababu nilitaka wapate kitu.

TabibuMstaafu

Mama hongera kwa uzi. Mimi nilikuwa tabibu upande wa Sengerema kabla sijastaafu, haya mabaka nimeyaona sana na kusema kweli miaka ya nyuma na sisi tulikuwa tunachoma hizo sindano, kwahiyo siwezi kurusha mawe.

Niongezee hapo kwenye "hawakupata kitu". Ndani ya ngozi kuna seli zinaitwa masti, zimebeba vifuko vya histamini. Histamini ikimwagika mishipa midogo inavuja maji, ngozi inaumuka, na neva zinapeleka taarifa ya kuwashwa. Ikimwagika chini zaidi ya ngozi ndiyo unaona mdomo, kope, wakati mwingine viganja au sehemu za siri vimevimba, na huo uvimbe unaweza kukaa hata siku mbili tatu. Kazi ya hizo seli ni ulinzi, chukulia ni sungusungu wa mtaa wako, wakiona mwizi wanapiga filimbi. Kwa mgonjwa wa urtikaria sugu sungusungu wanapiga filimbi na mwizi hayupo. Na kwa wagonjwa wengi imeonekana ni kinga ya mwili wenyewe inatengeneza antibodi zinazowagusa hao sungusungu na kuwaamsha. Ndiyo maana inaendana na magonjwa mengine ya kinga, hasa ya tezi ya shingo, na ndiyo maana tezi inapimwa. Wanawake wanaugua karibu mara mbili ya wanaume.

Sasa mtu ukimwambia adui yuko ndani haridhiki, anataka aoneshwe kwenye sahani.

MamaDagaa wa Mwaloni

Tabibu umenifurahisha na sungusungu. Mimi wa kwangu alitumia mfano wa kivuko.

Akaniandikia setirizini. Nikamwambia daktari hizo nimeshameza sana hazinisaidii. Akauliza unameza lini? Nikasema nikiwashwa. Akacheka akaniuliza ushawahi kuchelewa kivuko cha Kamanga siku ya gulio? Ukifika watu wameshakaa siti zote utasimama tu hata uwe na hela. Histamini ili ikuwashe lazima ikalie siti yake kwenye mishipa na neva. Dawa haiifukuzi vizuri ikishakaa, kazi yake ni kuwahi siti. Kwahiyo unameza KILA SIKU, una mabaka huna mabaka, unawashwa huwashwi, muda uleule. Yaani miaka miwili nilikuwa na dawa sahihi mkobani naitumia vibaya.

Nikaanza kidonge kimoja cha miligramu 10 kila siku saa tatu usiku. Wiki ya kwanza sikuona kitu nikataka kuacha. Wiki ya pili yakapungua nusu hivi. Nilivyorudi akaniongezea kiwe asubuhi na usiku. Wiki ya tano nikalala usiku mzima bila kujikuna, mume wangu akaamka kuniangalia kama napumua.

Mwarobaini Original

Mnadanganyana na makemikali. Damu chafu hiyo. Chemsha mwarobaini oga siku saba kunywa nusu kikombe asubuhi uone.

MamaDagaa wa Mwaloni

Nilioga mwezi mzima kaka yangu. Nilichopata ni harufu.

JiweLaBismarck

Mke wangu anatumia Piriton na zinamsaidia kidogo ila anasinzia mpaka anaunguza maharage. Je hiyo setirizini inalaza? Na kuna mwingine kaambiwa afikishe vidonge vinne kwa siku hiyo si sumu jamani?

TabibuMstaafu

Piriton ni kizazi cha kwanza cha dawa hizi za kuzuia histamini, inapenya kwenye ubongo ndiyo maana inalaza na siku ya pili kichwa kizito. Kwa ugonjwa wa kila siku siyo chaguo la kwanza tena. Za kizazi cha pili ni setirizini, loratadini, feksofenadini na ndugu zao, hazilazi sana ingawa setirizini kwa baadhi inaleta usingizi kidogo, kwahiyo dereva wa bodaboda aanze usiku na ajipime kwanza. Feksofenadini usimeze na juisi ya chungwa au tufaha, inapunguza dawa kuingia, meza na maji.

Kuhusu vinne, siyo sumu na siyo uzushi. Miongozo ya kimataifa inasema anza na kipimo cha kawaida, wiki mbili mpaka nne kikishindwa daktari anaweza kupandisha hadi mara nne ya kipimo. DAKTARI, siyo wewe na jirani. Mwenye figo mbovu kwa mfano hapandishiwi hivyohivyo. Na usichanganye tatu za aina tofauti ukidhani unaongeza nguvu, panda na moja.

Ikishindikana hapo kuna sindano inaitwa omalizumabu, ilianza kama dawa ya pumu, toka 2014 ikaruhusiwa Marekani na Ulaya kwa mabaka haya, miligramu 300 kila wiki nne. Inafanya kazi vizuri sana ila bei yake ni ya kuuza ng'ombe. Baada ya hapo kuna siklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, hiyo inahitaji kupimwa figo na presha mara kwa mara. Prednisoloni ni ya siku chache tu kuzima moto mkubwa, haizidi siku kumi, sio ya kununua kama pipi.

Ticha wa Nansio

Naomba nitofautiane kidogo na mleta uzi. Sio kila mtu anakosa chanzo. Mimi ni mtu wa Dodoma nilipangiwa kufundisha Ukerewe. Maji ya bomba yakawa yanasumbua nikawa naoga ziwani kama wenyeji. Baada ya mwezi na kitu nikapata homa, kikohozi kikavu, tumbo, na mabaka hayohayo mnayoelezea mwili mzima. Nilipewa dawa za malaria mara mbili na kipimo hakionyeshi malaria. Mwishoni daktari mmoja kijana akaangalia aina za seli nyeupe kwenye damu akakuta zile zinazopanda mtu akiwa na minyoo ziko juu sana, akaniuliza unaoga wapi. Kichocho. Nikapewa prazikwanteli, nikarudia tena baada ya wiki kadhaa. Nilipona, mpaka leo sijaumuka.

TabibuMstaafu

Ticha uko sahihi kabisa na wewe ndiye mfano wenyewe. Mtu aliyetoka sehemu isiyo na kichocho akaingia ziwa letu mara ya kwanza, wiki kadhaa baadaye mwili unapambana na minyoo michanga inayokua, ndiyo homa na mabaka hutokea. Kurudia dawa ni kwa sababu prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inaponyoka. Kipimo ni kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, na meza umeshiba.

Kwa mzaliwa wa hapa aliyeoga maji ya ziwa toka utotoni na ana mabaka miaka miwili, kichocho kuwa ndiyo chanzo siyo kawaida, ila kwa mwambao huu mimi nisingeacha kupima choo. Kipimo rahisi, na ukikutwa nacho unatibiwa tu hata kama mabaka yatabaki. Hivyohivyo bakteria wa vidonda vya tumbo, kama tumbo linakusumbua pima utibiwe, kuna wanaopata nafuu ya mabaka na kuna wasiopata.

Winga wa Kirumba

Dogo wa miaka 19 hapa. Mimi nikicheza mpira nikianza kutoka jasho vinatokea vipele vidogovidogo sana kama vichwa vya pini kifuani na shingoni vinachoma, nikipumzika nusu saa vimeisha. Hata nikioga maji ya moto. Ni hiyohiyo?

TabibuMstaafu

Ni ya ukoo huohuo ila tawi lingine, hiyo inaamshwa na mwili kupata joto. Kuna matawi kadhaa yenye kiamsho kinachojulikana. Wengine ukiwachora mgongo na kitu butu mstari unainuka, unaweza kuandika jina. Wengine mkanda wa suruali au kamba ya mzigo ikibana, masaa kadhaa baadaye pamevimba. Wengine jua. Na wengine baridi, na hawa wa baridi nasisitiza kwa sababu tuko ziwani: weka barafu ndani ya mfuko juu ya mkono dakika tano, toa usubiri, pakiinuka umbo la barafu basi huyo ASIJIRUSHE ziwani peke yake. Mwili mzima ukipoa ghafla histamini inamwagika kwa pamoja, presha inaanguka, mtu anazama na watu wanasema kavutwa na mamba.

Wewe winga anza na hizohizo dawa za kila siku, ila ukiona kizunguzungu au kifua kinabana ukicheza, toka uwanjani uende hospitali.

MamaDagaa wa Mwaloni

Niliahidi kurudi kwenye dawa za maumivu. Kubeba magunia mgongo unauma, kwahiyo nilikuwa nameza diklofenaki karibu kila jioni. Daktari akanikataza, pamoja na ibuprofeni na aspirini, akasema kwa baadhi ya wenye ugonjwa huu zinachochea filimbi. Nikabaki na paracetamol. Kweli zile siku za kuvimba mdomo zikapungua kabla hata setirizini haijakolea. Sasa fikiria nilivyoacha sato miaka miwili nikiwa namezea diklofenaki kwa maji ya uvuguvugu 😂 nikikumbuka nacheka peke yangu sokoni.

Pombe nayo inachochea, joto, nguo za kubana, na mawazo. Mwezi ule lori letu lilikwama njiani siku tatu na mzigo, niliumuka mpaka kope.

Buhongwa2

Mimi mjamzito miezi mitano dada, naruhusiwa?

TabibuMstaafu

Setirizini na loratadini ndizo zenye rekodi nzuri kwa wajawazito, lakini zikaandikwe kliniki na ziingie kwenye kadi yako, usinunue kimya kimya.

JiweLaBismarck

Swali la mwisho, hii kitu inaisha au ndio ndoa?

TabibuMstaafu

Inaisha kwa wengi. Kuna wa miezi, wengi ni kati ya mwaka mmoja na mitano, wachache zaidi. Dawa haing'oi ugonjwa, inaufunika mpaka sungusungu wachoke wenyewe. Kila baada ya miezi kadhaa ukiwa huna kitu, daktari atajaribu kupunguza aone. Na mke wako kama kuna baka linalokaa zaidi ya siku moja mahali palepale, linauma kuliko kuwasha na linaacha weusi kama kuvia damu, mwambie daktari, hiyo inaweza kuwa mishipa yenyewe imevimba na inahitaji kukatwa kipande cha ngozi kipimwe.

MamaDagaa wa Mwaloni

Mimi mwezi wa kumi na nne huu. Nimeshushwa nimebaki na kidonge kimoja cha usiku. Jana nimekula sato wa kukaanga mzima na kichwa chake.

Babu wa Pasiansi

Samahani wanangu nachomekea. Mimi sina mabaka na siwashwi popote ila toka alfajiri mdomo wa chini umevimba na sasa ulimi naona mzito hata maneno yanatoka vibaya. Natumia dawa ya presha enalaprili mwezi wa pili sasa. Nimeze setirizini ngapi?

TabibuMstaafu

Shikamoo mzee. Usimeze chochote, inuka nenda hospitali kubwa SASA HIVI na hiyo pakiti ya enalaprili mkononi. Uvimbe bila mabaka kwa mtu wa dawa za kundi hilo ni kitu kingine, setirizini haiushiki, na ulimi ukivimba njia ya hewa inaziba. Usiendeshe mwenyewe. Ukifika pale mapokezi usikae foleni, sema ulimi unavimba.

MamaDagaa wa Mwaloni

Babu umeshatoka? Jibu hata kwa herufi moja.

MamaDagaa wa Mwaloni

Babu?

Babu wa Pasiansi

Mimi ni mjukuu wake naandika kwa simu yake. Tumefika, wamempokea haraka, sasa anapumua vizuri ila wamemlaza wamuangalie mpaka kesho. Ile dawa ya presha wameifuta kwenye kadi wamesema asiiguse tena na watampa ya kundi lingine. Hawezi kuongea vizuri bado ila ameandika kwenye karatasi anauliza kama sato anaruhusiwa.

MamaDagaa wa Mwaloni

Mwambie ulimi ukipungua anaruhusiwa, nitamletea mwenyewe. Wodi namba ngapi?